Muzee wa Nyawera

Mkipita Nyawera, hapa Bukavu, mkitoka shule, pikipiki zinapiga honi, mama wametandaza bidhaa hadi barabarani, na ukizubaa unakanyagwa. Sasa nitawasimulia habari za mtu aliyeshuka garini pale pale, jioni moja ya vita, mwaka 1996.

Aliitwa Christophe Munzihirwa. Alizaliwa mwaka 1926, upande wa Walungu, huku huku kwetu Bushi. Akapewa upadri mwaka 1958, na miaka 5 baadaye akajiunga na Wajesuiti, ambao padri wao hawi na mali ya kwake. Alisoma mambo ya jamii na uchumi hadi Ubelgiji. Kwa elimu ile angeweza kuwa bwana mkubwa. Lakini watu walimwita Muzee tu, na aliishi kama mtu wa kawaida.

Mwaka 1971 alikuwa Kinshasa. Wanafunzi wa chuo kikuu walikuwa wameandamana, Rais Mobutu akakasirika, akaamuru waingizwe jeshini kwa nguvu. Fikirini: jana umeshika kalamu, leo unapigishwa kwata! Muzee, padri wa miaka kama 45, akaomba aandikishwe naye awe pamoja nao. Hapo ndipo mimi humwona vizuri kuliko mahali pengine. Hakuja kuwapa pole halafu arudi kulala kwake.

Baadaye akawa askofu Kasongo, kisha mwaka 1994 akateuliwa kuwa askofu mkuu wa Bukavu. Mwezi wa 4 mwaka huo huo, mauaji ya kimbari yakaanza Rwanda. Baadaye watu wakavuka mto Ruzizi kwa malaki, wamebeba magodoro, sufuria na watoto. Walilala barabarani na kwenye viwanja vya shule, kisha wakapelekwa makambini, kama kule Inera na Kashusha, njia ya Kavumu.

Hapa nisiwafiche, maana habari hii si nyepesi. Katika umati ule walikuwemo waliomwaga damu. Walikuwemo pia mama na watoto wasio na kosa, na hao walikuwa wengi. Muzee alikataa wote watiwe kwenye kapu moja. Alitaka walishwe, walindwe, tena watengenezewe njia ya kurudi kwao kwa amani. Aliandika barua kwa wakubwa wa dunia akiomba wasiiache nchi iungue. Wapo waliomlaumu kwamba anapendelea upande mmoja. Hakunyamaza. Na askari wa Zaïre walipowaonea raia, aliwasema nao pia.

Oktoba 1996 vita ikafika mjini. Wakubwa wa serikali na wa jeshi wakatoroka. Msiniulize walienda wapi, gari zilijaa tu, zikaondoka. Askofu mkuu akabaki, akawaomba watu watulie na washikamane.

Tarehe 29, jioni, alikuwa garini akielekea kwa wenzake Wajesuiti, kule Koleji Alfajiri. Pale Nyawera askari waliokuwa wakiuteka mji wakamsimamisha. Akashuka, ameshika msalaba wake wa kifuani. Hakuwa na kitu kingine mkononi. Wakamuua, na baadhi ya watu waliokuwa naye pia hawakupona.

Usiku kucha mwili wake ulibaki barabarani, kwa kuwa risasi zilikuwa bado zinalia na hakuna aliyethubutu kutoka. Siku iliyofuata, wanafunzi wa upadri wa shirika la Wasaveri wakaenda kumchukua. Walikuwa vijana, si wakubwa sana kuwapita kaka zenu. Wakamkuta, na msalaba bado uko mkononi.

Kaburi lake liko pale kanisa kuu. Jumapili, tukitoka misa, nitawapeleka mlione.