Adui asiyewekewa matanga

Jumamosi moja dada yangu alinituma nikamtoe mwanawe kwenye banda la gemu. Banda lenyewe la mabati, televisheni tatu za chogo, benchi moja, na karatasi ukutani iliyoandikwa kwa wino mzito: "Ukivunja pedi unalipa." Televisheni mbili zilikuwa na mpira, kama kawaida. Ya tatu alikuwa nayo mpwa wangu, kashika bunduki, anakatiza kijijini na kumwangusha kila anayemsogelea. Nikasimama nyuma yake, nikamuuliza watu wale wamemkosea nini.

"Anko, hao si watu," akanijibu bila kugeuka. "Ni mazombi."

Nililicheka jibu lile, halafu likanikaa kichwani. Maana ukiifuata historia ya gemu tangu miaka ya 60, utaona kwamba hoja ya mtoto yule ndiyo imejenga nusu ya mandhari zake. Anga za juu, mashimo ya mazimwi, vita dhidi ya Wanazi, miji ya mazombi: kote huko kuna adui ambaye akifa hakuna anayemwekea matanga. Nusu nyingine imejengwa na umaskini wa mashine, na tuanze na huo umaskini.

Mwaka 1962, katika chuo cha MIT kule Marekani, Steve Russell na wenzake walipata nafasi ya kuichezea kompyuta ya PDP-1, mashine yenye ukubwa wa makabati kadhaa. Wakatengeneza Spacewar!, vyombo viwili vya anga vinavyorushiana makombora huku nyota iliyo katikati ikivivuta. Kwa nini anga? Wasovieti walikuwa wamerusha setilaiti ya Sputnik mwaka 1957 na Marekani nzima ilikuwa ikitazama juu. Tena vijana wale walikuwa wasomaji wa riwaya za E. E. Smith, zilizojaa mapigano ya angani. Ila sababu ninayoipenda mimi ni nyingine: kioo cha mashine ile kilikuwa cheusi, na anga ni weusi mtupu wenye vidoa. Hakuna mti wa kuchora, hakuna nyumba, hakuna ardhi. Mandhari ilikuwa imeshakamilika kabla hawajaanza kazi.

Miaka 16 baadaye, Tomohiro Nishikado wa kampuni ya Taito, Japani, alikuwa akihangaika na swali la nani apigwe risasi. Alijaribu vifaru, akajaribu ndege, mwendo wake haukumridhisha. Askari wa miguu walitembea vizuri, lakini kuwapiga watu risasi kwa mchezo lilionekana jambo baya. Ndipo alipowageukia viumbe kutoka sayari nyingine, akawachora kwa sura ya pweza, ngisi na kaa. Msomaji wa Pwani hapa ana ruhusa ya kutabasamu: maadui walioitikisa dunia mwaka 1978 ni vitoweo vya Forodhani.

Gemu hiyo ni Space Invaders. Wavamizi ni 55, safu 5 za 11, wanateremka taratibu kutoka juu. Aliyeicheza anakumbuka jinsi mwendo wao unavyozidi kadiri wanavyopungua, hadi yule wa mwisho anapita kama kichaa na moyo unakwenda naye. Nishikado hakupanga hivyo. Prosesa ilikuwa imeelemewa, haiwezi kuwachora 55 kwa kasi aliyoitaka. Kila mmoja alipokufa mzigo ulipungua, na waliobaki wakapata mbio. Aliona inanoga, akaiacha. Tangu hapo hofu ya kuvamiwa kutoka juu haijatoka kwenye gemu, na chanzo chake kimojawapo ni mashine iliyochoka.

Ukishaujua mchezo huu wa kuficha umaskini, unauona kila mahali. Shigeru Miyamoto wa Nintendo alipomchora fundi seremala wa Donkey Kong mwaka 1981, vidoa vya kuchorea vilikuwa haba. Nywele zilimshinda, akamvika kofia. Mdomo ulimshinda, akampa masharubu. Ndiyo sura ya Mario mpaka leo. Kwenye Super Mario Bros. ya 1985, gemu iliyoingia yote kwenye kaseti ya kilobaiti 40, linganisha mawingu na vichaka: ni mchoro mmoja, juu umepakwa nyeupe, chini kijani. Na kule kuzunguka kwa Mario jangwani, majini, mawinguni na kwenye barafu, jambo lililokuwa sheria kufikia Super Mario Bros. 3 ya 1988, kulikuwa na akili ya mama wa nyumbani anayegeuza kiporo: unga ule ule, rangi nyingine, na kwenye barafu unateleza kidogo. Watengenezaji waliofuata wakairithi orodha ile kana kwamba imeandikwa kwenye msahafu.

Hata Silent Hill ya 1999, gemu ya kutisha kupita kiasi, mji wake umejaa ukungu kwa sababu PlayStation haikuweza kuonyesha vitu vya mbali. Ukungu uliletwa uifunike aibu hiyo, na sasa ndio unaokumbukwa kuliko vyote.

Pango nalo lina hadithi yake. Mwaka 1976 Will Crowther, mtaalamu wa programu aliyekuwa pia mpenzi wa kuzuru mapango, alitengeneza gemu ya maandishi matupu iliyofuata sehemu ya Mammoth Cave, pango kubwa la Kentucky alilolijua kwa kutambaa ndani yake. Ndoa yake ilikuwa imevunjika na alitaka kitu cha kuwaburudisha binti zake. Mwaka uliofuata Don Woods aliipanua, akaongeza mengi ya kiuchawi. Wakati huo vijana wa Marekani walishalewa Dungeons & Dragons, mchezo wa mezani wa 1974 wa Gary Gygax na Dave Arneson, ambao nao ulichota mengi kwenye riwaya za Tolkien. Kutoka hapo ni mteremko: Ultima na Wizardry mwaka 1981, Dragon Quest kule Japani mwaka 1986, Final Fantasy mwaka 1987. Mapanga, ngome, zimwi la mwisho mlangoni. Kwa mtengenezaji pango lina faida ambayo mbuga haina: lina kuta. Mchezaji hawezi kutoka nje ukalazimika kumchorea dunia nzima.

Nirudi kwa mpwa wangu na mazombi wake.

Mwaka 1976 kampuni ya Exidy ilitoa Death Race, gari linalowagonga vijitu vya vijiti. Kila aliyegongwa alilia, na mahali pake ukasimama msalaba wa kaburi. Watu wakapandisha hasira. Kampuni ikajitetea: si watu wale, ni mizuka tu. Hoja ya kitoto, utasema, lakini ilikuja kuwa sera. Mwaka 1997 Waingereza walitengeneza Carmageddon, ambayo ukigonga waenda kwa miguu unapata zawadi. Bodi ya ukaguzi ya Uingereza ikaikatalia cheti. Wakawageuza waenda kwa miguu kuwa mazombi wenye damu ya kijani, na Ujerumani wakawageuza kuwa roboti. Gari lile lile, barabara ile ile, mgongano ule ule. Kilichobadilika ni kama marehemu ana ndugu au hana.

Wanazi wanaingia hapo hapo, ingawa wao ni watu na walikuwepo kweli. Wolfenstein 3D ya 1992 iliwafanya shabaha ya kila kijana mwenye kompyuta, mwaka mmoja kabla watengenezaji wake, id Software, hawajageukia mashetani wa Doom. Steven Spielberg, baada ya filamu yake ya Saving Private Ryan ya 1998, alikuwa nyuma ya Medal of Honor ya 1999, na ufuo wa Normandy ukavamiwa na makampuni ya gemu mara nyingi kuliko ulivyovamiwa na majeshi. Call of Duty ilianzia huko huko mwaka 2003. Ilipoamua kuhamia vita vya siku hizi mwaka 2007, ilipeleka sehemu ya mapigano katika nchi ya Mashariki ya Kati isiyotajwa jina. Kwa desturi hiyo ya kutotaja jina sina uvumilivu. Ujerumani ya Hitler inatajwa, na mitaa yake. Nchi ya Waarabu ni vumbi, mnara wa msikiti na watu wanaopiga kelele.

Afrika je? Imepata hisa yake katika mgawo huo huo. Far Cry 2 ya 2008 inakupeleka katika nchi ya Kiafrika isiyo na jina, yenye vita vya wenyewe kwa wenyewe, biashara ya almasi na malaria. Malaria yenyewe unaumwa wewe mchezaji, unahangaikia vidonge katikati ya risasi. Jambo hilo angalau nililifurahia, kwa kuwa ndiyo gemu pekee niliyowahi kuona shujaa akikwamishwa na mbu.

Mwaka 2009 ikaja Resident Evil 5 ya Capcom. Mandhari ni Kijuju, mahali pa kubuni barani Afrika. Hata kabla haijatoka ilizua kelele, kwa sababu picha zake za kwanza zilionyesha mzungu akiwamiminia risasi wanakijiji weusi. Mjadala ulifika mbali na sitaurudia. Ninachotaka kukisema ni kidogo na kinatuhusu sisi. Wanakijiji wale waliopandwa na vimelea wanaitwa Majini, neno letu, na wanapokukimbilia na mapanga wanapiga kelele kwa Kiswahili. Kwa mchezaji wa Osaka au Chicago ile ni sauti ya kutisha tu. Mimi nilikaa sebuleni kwa rafiki yangu nikiwaelewa, na mkono ukawa mzito. Ni vigumu kumpiga risasi mtu anayetumia lugha ya nyumbani kwenu, hata ukiambiwa si mtu.

Ajabu ni kwamba miaka minne kabla ya hapo lugha hiyo hiyo ilikuwa imeingia kwenye gemu kwa mlango wa mbele. Civilization IV ya 2005 inafunguliwa na wimbo wa Christopher Tin, "Baba Yetu", ambao maneno yake ni Sala ya Bwana kwa Kiswahili. Mwaka 2011 wimbo huo ulipata tuzo ya Grammy, wa kwanza uliotungwa kwa ajili ya gemu kufika hapo. Sala kwa upande mmoja, majini kwa upande wa pili. Katikati, mahali watu wanapopika, kuoana na kudaiana kodi, hapakuwa na kitu.

Vijana wa kwetu hawakukaa kimya. Mwaka 2015 Mkenya Andrew Kaggia na Black Division Games walitoa Nairobi X, ambayo wageni kutoka anga za juu wanauvamia mji wa Nairobi. Niliipenda kwa sababu ya Nairobi. Wageni nilikuwa nimeshawazoea. Ni wajukuu wa pweza wa Nishikado. Mwaka 2016 Kiro'o Games ya Kamerun ikaleta Aurion, gemu yenye ufalme wa kubuni usioazima ngome kwa Wazungu.

Kisha Aprili 2024 ikatoka Tales of Kenzera: Zau. Nyuma yake ni Abubakar Salim, mwigizaji wa Uingereza mwenye asili ya Kenya, aliyeitengeneza kutokana na kumpoteza baba yake. Zau ni mganga kijana aliyefiwa na baba. Anamwendea Kalunga, mungu wa mauti, anataka kupatana naye ili baba arudishwe. Mapigano yapo, kuruka kwenye miamba kupo, na mahali pengine uchezaji wake ni wa kawaida kabisa, nisiseme uongo. Lakini safari nzima, tangu mwanzo hadi mwisho, ni msiba. Mtu amekufa na kuna anayemlilia.

Ukiiwasha, nenda kwenye orodha ya lugha. Kiswahili kimo, kwa sauti. Mpwa wangu nilimwekea akaicheza hivyo. Baada ya dakika kumi akaniuliza kama baba yake Zau atarudi. Nikamwambia acheze aone.