Jet Set Radio: Uzuri wa Mkakasi, au Sisi Ndio Tumezoea Mteremko?

Wiki hii nyumbani kwetu kumewaka moto, na aliyeuwasha ni kijana wa kuchorwa tu, amevaa miwani mikubwa ya kijani na viatu vya magurudumu. Anaitwa Beat. Kidogo anikosanishe na mdogo wangu wa damu!

Kisa chenyewe ni hiki. Nina PlayStation 3 yangu ya mtumba, nimeishi nayo miaka. Juzi kajitokeza mteja, tena mwenye pesa mkononi. Mdogo wangu akaruka juu. Hesabu yake alishaimaliza zamani: tuuze, tuongezee kidogo, tuchukue mashine mpya tuachane na mambo ya kizamani. Mie nami nilishakubali. Nikawasha mashine mara ya mwisho nione kama kuna kitu changu humo ndani, ndipo nikaiona tena Jet Set Radio. Aliyeniuzia mashine aliiacha humo humo kwenye diski yake. Mashine ikiondoka, gemu nayo inaondoka.

Nikamwambia dogo, "Nipe siku mbili."

Akanitazama kama mtu aliyeomba siku mbili za kuagana na ndoo iliyotoboka.

Kwa wale wasioijua, ngoja niwape mkanda mzima. Jet Set Radio ilitolewa na Sega mwaka 2000 kwenye mashine yao ya Dreamcast, ikatengenezwa na kikosi chao kilichoitwa Smilebit. Marekani wakaiuza kwa jina la Jet Grind Radio. Hadithi yake ni ya vijana wa mji wa kubuni unaoitwa Tokyo-to, ambao umeigwa kutoka Tokyo ya kweli. Wana genge lao, GG's. Kazi yao ni kuserereka mtaani na viatu vya magurudumu, kuchora kuta na kufukuzana na polisi. Nyuma ya polisi kuna tajiri mmoja mwenye kampuni kubwa, Rokkaku, anayetaka mji mzima uwe wake. Na juu ya yote kuna mtangazaji wa redio ya magendo, DJ Professor K, anayeropoka hewani kutwa kucha kuwapa vijana habari za mji.

Jamani, sura ya gemu hii! Wakati huo wenzao wote walikuwa wanahangaika kufanya watu wa kwenye gemu wafanane na watu kweli, matokeo yake wakapata watu wenye nyuso za udongo. Hawa wa Smilebit wakaamua kinyume. Rangi zao wakazipaka bapa, kama za katuni, na kila mtu wakamzungushia mstari mweusi kama wa kalamu. Ilikuwa miongoni mwa gemu za mwanzo kabisa kuchorwa hivyo. Aliyesimamia upande wa sanaa ni Ryuta Ueda, mwongozaji alikuwa Masayoshi Kikuchi. Ukiziweka leo gemu nyingi za mwaka 2000 kwenye runinga kubwa utaona huruma. Hii utadhani imetoka juzi.

Muziki ndio usiseme. Hideki Naganuma alichukua vipande vya sauti, akavikatakata na kuvichanganya na midundo ya hip hop na gitaa, mpaka huelewi mtu anaimba nini lakini bega linacheza lenyewe. Mchana uko Shibuya-cho kwenye kituo cha mabasi, jioni uko Kogane-cho jua linazama, usiku uko Benten-cho taa zinawaka kila kona, na muda wote ngoma haikatiki.

Basi, usiku wa kwanza nikakaa na pedi yangu. Kasheshe ikaanza.

Beat hageuki! Unamwambia kushoto, anakwenda kushoto kwa kuzunguka kama lori la mchanga. Kumfikisha kwenye mwendo kunachukua muda, kumsimamisha nako kunachukua muda. Ukiruka bila kuvuta kasi unadondoka chini, unaanza kupanda upya, na wakati huo saa inahesabu, maana kila kazi ina muda wake. Kuna chuma kimoja nilikuwa nakitaka kule juu. Nilianguka mara saba. Mara ya saba nikatukana, mama akauliza kutoka chumbani kuna nini.

Dogo akasema, "Lete nikuonyeshe." Nikampa. Dakika kumi tu akanirudishia pedi.

"Kaka, huyu jamaa kavaa viatu au anasukuma mkokoteni?"

Nikacheka, lakini moyoni nikaumia. Kwa sababu, tusidanganyane, na mie nilipoinunua ile mashine ndivyo nilivyoiona. Niliisifia picha, nikawaonyesha washkaji muziki, nikacheza siku tatu, nikaiacha. Wahenga walisema uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Nikajiuliza: hivi mimi napenda gemu, au napenda kuitazama? Maana kama ni kuitazama tu, mteja aje achukue mzigo wake.

Usiku wa pili nikakaa peke yangu, dogo kalala. Nikaamua kutokimbizana nayo. Na hapo ndipo nikaona kitu ambacho siku zote kilinipita.

Sikia. Mchoro mdogo unabonyeza mara moja, umekwisha. Lakini ile mikubwa sharti usimame. Mishale inatokea kwenye runinga, unazungusha kijiti kama inavyotaka, nusu duara huku, robo kule, mmoja baada ya mwingine. Na makopo ya rangi huyapati bure, lazima uyaokote mtaani. Sasa wewe umesimama pale unazungusha kijiti, na nyuma yako Kapteni Onishima anakuja mbio, bastola yake kubwa mkononi. Unamsikia anavyokaribia. Kidole kinatetemeka. Unajiambia bado mshale mmoja, mmoja tu...

Wapenzi, viganja vilinilowa jasho! Gemu ya katuni!

Nikaelewa. Ule usumbufu wa kijiti ndio woga wenyewe. Kuchora ukuta wa watu bila ruhusa ni jambo la kukaa roho mkononi, na gemu yenyewe ikianza inakuonya kwamba kuharibu mali za watu ni kosa la jinai. Kama ingekuwa unapita tu unabonyeza, polisi wangekuwa mapambo. Ule uzito wa Beat nao nikauona kwa jicho jingine. Kwa kuwa anachelewa kushika kasi, kasi inakuwa mali. Unaanza kuusoma mtaa kabla hujaondoka: nikitoka kwenye ngazi hii nadondokea chuma kile, nikitoka pale napanda ukuta, nikishuka nimefika kwenye mchoro na makopo yangu sita. Ukiipata njia hiyo, hukanyagi lami hata mara moja. Kile chuma cha mara saba nilikifikia, na hata sikukikumbuka mpaka nilipokuwa nimeshakipita.

Hata kuongeza watu kwenye genge ni shule. Kijana mgeni anakuja, hakuulizi jina. Anaruka, anaserereka, kisha anakutazama: fanya kama mimi. Ukiweza, kawa wenu. Hivyo ndivyo anavyopatikana Gum, yule binti mwenye kofia ngumu. Kwa maneno mengine, gemu inakufundisha kuendesha kwa kukutia aibu mbele ya wenzako. Nani kati yetu hakujifunza baiskeli namna hiyo?

Lakini msinielewe vibaya. Sikuja hapa kuosha uchafu wa mtu. Kuna mambo mengine kwenye gemu hii ni mabovu tu, hayana falsafa yoyote ndani yake.

La kwanza ni kamera. Pedi ya Dreamcast ilikuwa na kijiti kimoja. Kimoja! Hicho hicho ndicho cha kumwendesha Beat, kwa hiyo kamera ikabaki haina mwenyewe. Wakaipa kitufe cha kushoto kuirudisha nyuma ya mgongo wako, na kitufe hicho hicho ndicho cha kupulizia rangi. Unataka kuchora, kamera inageuka. Unataka kugeuza kamera karibu na ukuta, unaanza kuchora. Toleo jipya la mwaka 2012, ambalo ndilo hili langu, liliongeza kamera kwenye kijiti cha kulia, na hilo limeokoa roho za watu wengi. Hata hivyo ukibanwa kwenye kona, bado kamera inakuonyesha tofali badala ya polisi.

La pili ni vile vyuma. Ukidondokea karibu na chuma, Beat anaking'ang'ania mwenyewe. Vizuri. Lakini mara nyingine anang'ang'ania kile usichokitaka, anaserereka nacho mpaka mwisho wa dunia, na wewe umekaa unamtazama kama abiria aliyepitishwa kituo. Hapo hakuna woga wala sanaa. Hapo ni hasira tu.

Kwa hiyo somo langu la siku mbili ni hili: ugumu uko wa aina mbili, na sisi vijana wa siku hizi tumeviweka vyote kwenye kapu moja. Kuna ugumu wa mlango uliolegea bawaba, huo ni ubovu, fundi aitwe. Na kuna ugumu wa mlima, huo ndio safari yenyewe. Ukiulainisha mlima, umepata uwanja wa mpira.

Ushahidi ninao. Mwaka 2002 Smilebit wenyewe walitoa Jet Set Radio Future kwenye Xbox. Waliirekebisha kweli kweli. Vijana wakawa wepesi, mitaa ikawa mikubwa, saa ya kukuhesabia muda ikaondoka, na kuchora kukawa kubonyeza tu huku unapita. Ni gemu tamu, siibishii, na wengi wanaipenda kuliko ya kwanza. Lakini polisi hawakutishi tena wakati unachora, wanakuja kwa zamu yao, kama wageni wa harusi. Mwaka 2023 kikundi kiitwacho Team Reptile kikatoa Bomb Rush Cyberfunk, gemu inayofuata nyayo hizo hizo, na Naganuma mwenyewe akachangia muziki. Wao wakarudisha kuchora kwa kijiti, ila kwa upole. Inaonekana hata wao waliona kwamba mkono unahitaji kushiriki. Na Desemba mwaka huo huo Sega wakatangaza kwamba wanatengeneza Jet Set Radio mpya. Ombi langu kwao ni moja: bawaba mtengeneze, mlima muuache!

Turudi nyumbani. Asubuhi nikamwita dogo, nikamketisha, nikamweleza yote haya. Mlima, bawaba, Onishima. Alinisikiliza vizuri tu. Kisha akasema,

"Kaka, nimekuelewa. Lakini gemu ya kuelezwa kwanza ndipo uipende, mbona hizo zingine hazihitaji mkalimani?"

Hapo alinibana, nakiri. Sikuwa na jibu la haraka. Nilimwambia tu kwamba hata ngoma nyingine ukiisikia mara ya kwanza unaona kelele, ya tatu unatafuta aliyeiimba. Akaguna. Lakini mchana nikamsikia bafuni anauvumisha ule wimbo wa Shibuya-cho, anakosea kila mahali, ila ni wenyewe. Sikusema kitu. Mtu akiwa bafuni mwache na siri zake.

Mteja alikuja Jumamosi kama tulivyopatana. Nikamwomba wiki mbili, maana genge moja la Benten-cho, Noise Tanks, bado linanidai, na sitaki kuuza mashine nikiwa na deni. Jamaa akakasirika. Akasema wiki mbili sawa, lakini bei inashuka elfu ishirini. Dogo akanikodolea macho. Nikakubali.

Kwa hiyo andikeni: kuijua gemu ya mwaka 2000 kumenigharimu shilingi elfu ishirini na amani ya nyumba. Dogo ametoa masharti. Nisipoimaliza ndani ya wiki mbili, mashine inaondoka na mimi ndiye nitakayeibeba hadi kwa mteja. Nikiimaliza, tutakaa tena kikao. Kila jioni anapita nyuma ya kiti changu kuangalia nimefika wapi, anasema anahakikisha siibi muda. Juzi, nikiwa nakaribia kukosa mshale wa mwisho, mtu mmoja nyuma yangu alipiga kelele: "Kulia, kaka! Zungusha kulia!"

Nilipogeuka alikuwa anatazama dari.

Haya, tukutane wiki ijayo, kama Onishima hajanikamata.