Wati Zinazopotelea Katika Kebo
Uvimbe wa ini unapochomwa kwa mawimbi ya mikrowevu, namba iliyo kwenye mashine ni nguvu inayotoka, si inayoufikia uvimbe. Kebo hula sehemu yake. Upotevu wa desibeli 3 huzifanya wati 100 kuwa takribani 50. Nyingine hugeuka joto njiani, na seli za saratani huweza kusalimika ilhali mashine yaonyesha kila kitu ni sawa.

Fundi hupima mwisho wa kebo kupitia kipunguza-nguvu cha desibeli 30, kinachostahimili wati zote na kuzigawa kwa 1,000 ili kipima-nguvu kisiungue. Kikisoma wati 0.05, zilizofika ni 50. Kipunguza-nguvu chenyewe kihakikiwe kwanza.

Mhudumu akigundua kebo ina joto lisilo la kawaida, asiongeze wati, asimamishe, aibadilishe.