Mstari Mmoja Nyuma ya Askari

Wengi wetu tukitaja kwenda kutazama wanyama hufikiria kukaa ndani ya gari na kuchungulia dirishani. Hifadhi ya Taifa ya Arusha, iliyo chini ya Mlima Meru wenye urefu wa mita 4,566, inaruhusu pia matembezi ya miguu, mkiongozwa na askari wa wanyamapori mwenye bunduki. Likizo iliyopita, mimi na shemeji yangu tuliwapeleka vijana wetu huko.

Kabla ya kuondoka, askari alitukagua. Aliyevaa fulana nyekundu aliombwa aifunike kwa koti. Mimi nami nilielezwa kwa upole kwamba marashi niliyojipaka baada ya swala ya Alfajiri yangenuswa na nyati kabla hawajatuona. Kisha akatupa masharti: mstari mmoja nyuma yake, sauti za chini, na asikimbie mtu hata akiogopa. Kila baada ya muda aliokota vumbi na kuliachia hewani ili ajue upepo unaelekea wapi.

Tuliwaona twiga wakila majani ya migunga, na mbega juu ya miti mirefu. Tukajifunza kusoma ardhi: kwato za pongo kwenye tope, kisha kinyesi cha nyati kilichokuwa bado kibichi.

Hapo ndipo mpwa wangu mwenye umri wa miaka 15 alipotoka mstarini ili apige picha. Kichakani mbele yake, nyati dume mzee akainua kichwa. Askari akanyanyua mkono. Shemeji alitaka kumwita mwanawe kwa sauti, lakini alipoonyeshwa ishara ya kunyamaza, akanyamaza; na hilo si jambo jepesi kwa mzazi. Kijana akasimama kimya, kama alivyoelekezwa. Askari akajongea taratibu hadi akawa kati yake na mnyama, kisha tukarudi nyuma hatua kwa hatua bila kumpa nyati mgongo. Alitutazama kwa muda, akageuka, akaingia msituni.

Tulipopumzika, askari alitueleza kuwa dume aliyeachana na kundi hana macho na masikio ya wenzake ya kumtahadharisha, hivyo akishtuliwa karibu huweza kushambulia. Akaongeza kuwa bunduki ni hatua ya mwisho kabisa. Akilazimika kuitumia, mnyama hulipa kwa uhai wake kosa la mgeni aliyekwenda kumtembelea kwake.

Mpwa wangu aliinamisha kichwa. Njia yote ya kurudi hakuitoa simu mfukoni.

Wazazi mnaotamani matembezi haya, ulizeni mapema umri unaokubaliwa, kwani si safari ya watoto wadogo. Vaeni viatu vya kufunika miguu na nguo zisizong'aa, chukueni maji ya kutosha, na marashi myaache nyumbani. Zaidi ya yote, kubalianeni kabla ya kutoka kwamba neno la askari litatiiwa na wote, baba akiwa wa kwanza.