Kiharusi: Unachokiona Nyumbani Humsaidia Daktari Kujua Mshipa Ulioziba

Mtu ameamka salama, anakunywa chai. Ghafla kikombe kinamponyoka, mdomo unapinda na maneno hayatoki sawasawa. Wengi husema apumzike kwanza hadi kesho. Huenda hicho ni kiharusi, na kila dakika inayopita sehemu ya ubongo wake inakufa.

Ubongo hupata damu kupitia mishipa mikubwa minne inayopanda shingoni, miwili mbele na miwili nyuma. Kila tawi hulisha sehemu yake. Ndiyo maana dalili humdokezea daktari mahali palipoziba:

• Tawi la kati, ambalo huziba mara nyingi zaidi: uso na mkono wa upande mmoja hulegea kuliko mguu. Likiziba upande wa kushoto wa ubongo, mwili hulegea upande wa kulia, na mara nyingi usemi huathirika.

• Tawi la mbele: mguu hulegea kuliko mkono.

• Mishipa ya nyuma: kizunguzungu cha ghafla, kuyumba, kuona vitu viwiliviwili, kutoona upande mmoja au kushindwa kumeza. Ni rahisi kudhani ni malaria au ulevi.

Hata hivyo, dalili pekee hazitoshi, kwa sababu mshipa uliopasuka huweza kuleta dalili zizo hizo. Picha ya CT scan ndiyo hutofautisha. Mgonjwa akidungwa dawa ya kung'arisha mishipa, picha huonyesha palipoziba.

Dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda hutolewa ndani ya saa 4 na nusu tangu dalili zianze. Akipewa mtu anayevuja damu ubongoni, yaweza kumuua. Kwa mkazi wa Kisiwa cha Mfangano, Homa Bay, au Muhuru Bay, Migori, muda huo huanza kuisha kabla hata ya kupata boti au gari.

Ukiona dalili hizi:

1. Andika saa aliyoonekana mzima mara ya mwisho. Kama ameamka nazo, andika saa aliyolala.

2. Usimpe chakula, maji, asprini wala mitishamba.

3. Mpeleke hospitali mara moja, hata dalili zikitoweka. Piga simu mapema kuuliza iliko CT scan inayofanya kazi.

4. Beba dawa anazotumia, na umweleze daktari kiungo kilicholegea kwanza.

Presha ndiyo chanzo kikuu cha kiharusi, na mara nyingi haina dalili. Pima yako katika zahanati iliyo karibu nawe.