Shangazi, kikohozi na taa ya buluu

Leo sina umbea wa mapenzi, nina kikohozi. Nilikwenda Makurunge, kule Bagamoyo, kumsalimia shangazi. Nikamkuta kakonda, usiku jasho chapachapa, anakohoa wiki ya nne.

"Shikamoo shangazi. Twende ukapime makohozi."

"Marahaba mwanangu. Watu si watasema nina ngoma?"

Kaguna, lakini kaja. Maabara wakapaka makohozi kwenye kioo na kutia rangi iitwayo auramini. Chini ya hadubini yenye taa ya buluu, bakteria wa TB hung'aa kama vimulimuli gizani, kazi inakwenda chapuchapu. Shirika la Afya Duniani liliipendekeza hadubini hiyo ya LED mwaka 2011. Wataalamu wengine hutumia vichembe vyenye sumaku: vikimnasa bakteria, sumaku inawavuta wote pamoja, hata wakiwa wachache.

Majibu: TB. Shangazi akalia. Nami, niliyelala naye chumba kimoja, nikapimwa, niko salama. Dawa bure, akazimeza miezi sita bila kukatisha. Sasa anakuna nazi huku anaimba.

Wewe unayekohoa wiki mbili ukimung'unya tangawizi, unangoja nini?