KATHLEEN NOBLE, MPIGA MAKASIA WA UGANDA



Sisi watu wa Masisi na Walikale tunaujua mtumbwi. Wavuvi wa maziwa ya Mokoto wanautumia, na wale wa mto Lowa vilevile. Lakini wengi hawajui kwamba kupiga makasia ni mchezo wa Olimpiki, kwa wanaume tangu 1900, kwa wanawake tangu 1976. Leo nitaeleza mchezo huo na habari za dada mmoja wa Uganda, nchi jirani yetu ambayo Kongo inaishinda kwa ukubwa karibu mara kumi.

Kwanza tujue tofauti. Mvuvi wetu anashika kafi moja mkononi na kutazama mbele. Katika mbio ya mtu mmoja, mtu anashika makasia mawili yaliyofungwa kwenye ubavu wa mtumbwi, moja kila upande, naye anakaa akitazama nyuma kule alikotoka. Kiti chake kinateleza mbele na nyuma juu ya vyuma. Ndiyo sababu nguvu nyingi inatoka kwenye miguu, si kwenye mikono kama watu wanavyofikiri. Mtumbwi wa mtu mmoja ni mrefu kama metre 8, lakini ni mwembamba sana, na uzito wake ni kilo 14 tu. Ukikaa vibaya, unapinduka.

Mbio ni metre 2000 bila kona. Kule Tokyo, Emma Twigg wa New Zealand alishinda kwa dakika 7 na sekunde 13. Na waliobaki nyuma katika mbio ya kwanza hawakufukuzwa mara moja. Kulikuwa na mbio ya repeshaje, jina ambalo sisi wanafunzi tunalijua sana kwenye mitihani! Aliyefanya vizuri hapo aliendelea.

Sasa, nchi isiyo na mitumbwi ya namna hiyo inaingiaje? Kuna kanuni mbili zinazosaidia. Ya kwanza: katika mbio ya mtu mmoja, kila nchi inaleta mtumbwi mmoja tu, hata ikiwa tajiri namna gani. Ya pili: kila bara lina mashindano yake ya kutafuta nafasi. Kwa hiyo Mwafrika anapigania nafasi za Afrika kwanza.

Kathleen Noble alizaliwa Kampala mwaka 1994. Wazazi wake ni wamisionari kutoka Ireland. Mchezo wake wa kwanza ulikuwa kuogelea, na mwaka 2012 aliogelea kwa jina la Uganda katika mashindano ya dunia kule Istanbul. Halafu akaenda Marekani kusoma katika Chuo Kikuu cha Princeton. Huko ndiko alijifunza kupiga makasia, akiwa mtu mzima tayari. Oktoba 2019, katika mashindano ya Afrika kule Tunis, akapata nafasi ya Olimpiki. Ugonjwa wa korona ukachelewesha Michezo mwaka mzima, na mwaka 2021 akashindana Tokyo, mpiga makasia wa kwanza wa Uganda katika Olimpiki. Alikuwa wa 26 kati ya 32. Mwaka 2024 akarudi tena, Paris.

Nilipowaeleza wenzangu habari hii katika chumba cha kulala, mmoja alisema: "Aah, huyo ni mzungu, tena alisoma Amerika. Sisi tutatoa wapi pesa ile?" Neno lake lina ukweli, sitalificha. Mtumbwi ule ni wa bei kubwa, na bila chuo kile pengine asingejua hata kuushika. Lakini pesa ya chuo haikumpa nafasi ya Tunis. Aliipata kwa jasho.

Tena kuna Hamadou Djibo Issaka wa Niger, nchi ya jangwa. Yeye alikuwa mtunza bustani. Alijifunza kupiga makasia kwa miezi kama mitatu tu, akapewa nafasi ya pekee kwenda London mwaka 2012. Alifika wa mwisho, zaidi ya dakika moja nyuma ya wenzake. Watu waliokuwa wakitazama walimpigia makofi mpaka akamaliza.

Mwingine akauliza: "Sasa kama utashindwa, juu ya nini kwenda?" Jibu langu ni hili. Hapa kwetu wengi wamepoteza miaka ya masomo sababu ya vita na kukimbia. Yuko mwenzetu wa miaka 20 anayekaa darasa moja na watoto wa 14, na wengine wanamcheka. Noble alianza makasia wakati wengine wameyapiga tangu utoto. Hakuwafikia wote, lakini aliwapita sita, na Uganda ikaandikwa mahali ambapo haikuwa imeandikwa.

Basi ninaomba jambo moja kama mkubwa wa wanafunzi. Siku ya michezo ya shule, na siku ya kusoma matokeo, tusimcheke anayekuja nyuma. Tumngoje mpaka amalize, kisha tumpigie makofi.

Mkubwa wa wanafunzi,
Mwaka wa sita